Hope na wish: jinsi ya kuzitumia bila kuzichanganya

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Mbeya, na wengi wa wanafunzi wangu wanataka kuongoza wageni katika hifadhi za Kitulo na Ruaha. Sentensi ninayoisahihisha mara nyingi ni "I wish you will come again." Mgeni ataielewa, lakini Kiingereza hakiikubali.

Hatua ya 1: Itunge kwanza kwa Kiswahili. Ikikaa vizuri na "natumaini", jambo bado linawezekana, tumia hope. Ikidai "laiti", jambo liko kinyume na hali ilivyo, tumia wish. Jihadhari na "natamani", maana huingia pande zote mbili.

Hatua ya 2: Baada ya hope, kitenzi kinabaki katika wakati wake. "I hope you come again" na "I hope you will come again" zote ni sahihi. Kama anayetumaini ndiye atakayetenda, sema "I hope to see the flowers."

Hatua ya 3: Baada ya wish, kirudishe kitenzi nyuma. Hapa msikimbilie. Uko Makete mwezi wa Julai, unatetemeka: "I wish it weren't so cold." Baridi ni ya sasa hivi, lakini kitenzi kimevaa wakati uliopita ili kuonyesha kwamba unalotaka halipo. Ni kazi ileile ya -nge-: laiti kusingekuwa na baridi hivi. Watu husema pia wasn't wakizungumza. Kwenye maandishi rasmi shika weren't.

Ukijutia lililokwisha pita, rudi nyuma zaidi: "I wish I had brought a sweater." Kiswahili sanifu kina -ngali- kwa hili, ila siku hizi wengi tunasema "laiti ningeleta sweta" hata kwa jambo la jana. Kwa hiyo usiitegemee -nge- peke yake. Jiulize jambo ni la lini.

Hatua ya 4: Ukitaka kitu kingine kibadilike, tumia would: "I wish the rain would stop." Kwa nafsi yako sema "I wish I could", kamwe si "I wish I would".

Hatua ya 5: Kumtakia mtu heri, weka nomino: "I wish you a safe journey."

Sasa tafsiri hizi: Natumaini basi la Tukuyu halijaondoka. Laiti ningejua Kinyakyusa. Laiti tungaliondoka mapema jana.