Namna ya Kuchora Mfumo wa Aina ya 3 wa Kutoa Protini

Mfumo huu ni mtambo unaofanana na sindano ambao bakteria huutumia kuingiza protini zake katika seli inayoshambuliwa. Anza kwa kuchora utando wa ndani na utando wa nje wa bakteria kama Salmonella au Shigella, kisha pitisha katika tando hizo pete zilizopangwa kwenye mhimili mmoja, kwa kuwa ndizo kitako kinachoshikilia mtambo wote. Chini ya kitako, upande wa saitoplazimu (ute ulio ndani ya bakteria), weka kimeng'enya kinachovunja ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Juu ya kitako chora sindano yenye uwazi ndani, na hapa usikosee vipimo: uwazi huo una upana wa takriban nanomita 2 tu, hivyo protini hupita ikiwa imekunjuliwa, jambo ambalo michoro mingi hulipuuza. Kwenye ncha ongeza protini zinazotoboa utando wa seli inayoshambuliwa.