Kupanga sauti za besi kwenye kifaa kimoja cha efekti, kuanzia umeme hadi jukwaani

Wiki chache zilizopita nilikaa na kijana ninayemfundisha gitaa la besi, ambaye alikuwa amepata kifaa kidogo cha efekti cha kukanyaga kwa mguu, chenye tyuna, kompresa (hupunguza mapigo makali ili sauti iwe sawa), ovadraivu (huikwaruza sauti), korasi (huifanya isikike kama ya vyombo kadhaa), dilei (huirudia kama mwangwi) na vielelezo vya amplifaya (huiga sauti ya amplifaya halisi) ndani ya boksi moja lisilozidi ukubwa wa kitabu. Akiwa chumbani na hedfoni masikioni, kila sauti aliyoitengeneza ilipendeza. Kwenye mazoezi ya bendi mambo yalibadilika: alipokanyaga swichi kuhama kutoka sauti moja kwenda nyingine, mara besi ilizama isisikike kabisa, mara ikamfunika mwimbaji. Mwongozo huu unafuata njia tuliyopita pamoja kurekebisha hali hiyo. Nachukulia kwamba unajua kutyuni besi yako na kuchomeka waya mahali pake. Neno “mpangilio” nitalitumia kwa maana ya kundi la efekti lililohifadhiwa pamoja chini ya namba moja.

Hatua ya 1: Umeme

Vifaa vingi vya aina hii hutumia volti 9 za DC, na pini ya katikati ya plagi huwa hasi, lakini hakikisha kwa kutazama mchoro mdogo ulio kando ya tundu la umeme. Miliampia za adapta zikizidi zile zilizoandikwa kwenye kifaa hakuna madhara, kwa sababu kifaa huchukua kiasi kinachohitaji tu. Volti zikizidi utakiunguza. Betri ziache kwa mazoezi ya nyumbani.

Hatua ya 2: Nguvu ya sauti inayoingia

Fungua volyumu ya besi hadi mwisho, kisha piga kwa nguvu zote utakazowahi kutumia jukwaani huku ukitazama taa ya kiwango cha kuingia. Kijana wangu alipiga kwa vidole taratibu, taa ikabaki kijani, naye akaridhika. Nilipomwambia apige kwa kidole gumba, taa iliwaka nyekundu kila alipogonga uzi. Sauti iliyopasuka mlangoni haitengenezwi na efekti yoyote inayofuata, kwa hiyo punguza kiwango cha kuingia mpaka taa nyekundu isiwake hata kwenye pigo kali kabisa. Besi yenye betri ndani yake kwa kawaida hutoa sauti yenye nguvu zaidi, na baadhi ya vifaa vina swichi maalumu kwa ajili yake. Usipoiona swichi hiyo, punguza kwenye nobu ya besi yenyewe.

Hatua ya 3: Sauti inakwenda wapi?

Kabla ya kugusa efekti yoyote, amua kama sauti itaelekea kwenye amplifaya ya besi yenye spika yake, kwenye miksa ya ukumbi, au kwenye hedfoni. Kabati la spika za besi hufifisha sehemu kubwa ya sauti za juu, na kielelezo cha kabati kilichomo ndani ya kifaa kimewekwa ili kuiga ufifishaji huo. Ukienda kwenye miksa au hedfoni, kiwashe. Usipokiwasha, ovadraivu itakwaruza masikio. Ukienda kwenye amplifaya yenye spika zake, kizime, la sivyo sauti itapita kwenye kabati mara mbili na kutoka ikiwa imeziba, kama inayopigwa nyuma ya mlango uliofungwa. Kwenye vifaa vingi uamuzi huu hufanywa mara moja kwenye menyu ya mfumo, nao huathiri mipangilio yote.

Ukitumia kielelezo cha amplifaya na ukataka kupiga kupitia amplifaya halisi, chomeka kwenye tundu la kurudishia efekti, ambalo mara nyingi liko nyuma, ili uruke sehemu ya mbele yenye ekwalaiza yake (nobu za kuongeza au kupunguza sauti za chini, za kati na za juu). Ukisikia mngurumo wa umeme baada ya kuunganishwa na miksa, jaribu swichi ya kukata ardhi kwenye kifaa au kwenye boksi la DI (kiboksi kinachounganisha chombo na miksa). Swichi hiyo hukata ardhi ya waya wa sauti pekee. Pini ya ardhi ya plagi ya ukutani usiiguse kamwe, kwa sababu ndiyo inayolinda uhai wako.

Hatua ya 4: Mnyororo wa efekti

Mipangilio ya kiwandani mimi huifuta. Imetengenezwa ili mtu anayejaribu kifaa kwa dakika tano avutiwe, kwa hiyo imejaa korasi na mwangwi ambao ndani ya bendi huigeuza besi kuwa ukungu. Anza na mpangilio mtupu, kisha ongeza kimoja kimoja: kompresa, oktava (huongeza noti iliyo oktava moja chini ya unayopiga), ovadraivu, kielelezo cha amplifaya, ekwalaiza, korasi, dilei. Kwa wimbo mmoja efekti tatu zinatosha.

Kompresa iwe na uwiano wa takriban 4:1 (desibeli 4 zinazovuka kiwango chake hutoka kama 1) na muda wa kushika wa milisekunde 30 hivi, ili mshindo wa kwanza wa kidole upite kabla haijakaza. Ikipunguza kati ya desibeli 3 na 6 unapopiga kwa nguvu, iache hapo.

Oktava ina mipaka yake. Uzi wa E ukiwa wazi hutoa takriban Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na oktava moja chini yake ni kama Hz 20, mahali ambapo sikio la binadamu huishia na ambapo spika nyingi za besi hazifiki. Itumie kuanzia uzi wa D kwenda juu, ambako noti ya Hz 73 huzaa nyingine ya Hz 37 hivi, na upige noti moja kwa wakati. Ukipiga mbili pamoja kifaa hushindwa kuitambua ipi ni ipi.

Ovadraivu ndiyo hula uzito wa besi kuliko efekti nyingine zote. Tafuta nobu ya kuchanganya sauti safi na iliyokwaruzwa, uanze na nusu kwa nusu. Ovadraivu isiyo na nobu hiyo mimi siitumii kwenye besi, hata ikisifiwa namna gani.

Hatua ya 5: Kusawazisha ukubwa wa sauti

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza jioni nzima, na ndipo penye jibu la tatizo la kijana wangu.

Sikio halisikii sauti za chini kwa usawa katika kila kiwango. Fletcher na Munson walionyesha jambo hili mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, masafa ya chini husikika dhaifu kuliko ya kati, na sauti inapopandishwa tofauti hiyo hupungua. Mtu anayetengeneza mipangilio chumbani kwa sauti ya chini hujikuta akiongeza besi na kupunguza sauti za kati ili masikio yaridhike. Akifika kwenye bendi na kufungua volyumu, masafa ya chini hufurika, ilhali zile za kati alizozipunguza ndizo ambazo zingemwezesha kusikika kati ya magitaa na matoazi ya dramu. Hivyo rangi ya sauti unaweza kuianzia nyumbani, lakini ekwalaiza na viwango vimalizie kwa ukubwa wa sauti utakaopigia, ikiwezekana wenzako wakiwa wanapiga.

Chagua kipimo kimoja cha kulinganishia, nacho kiwe besi ikiwa efekti zote zimezimwa. Piga kifungu kifupi cha baa mbili kinachogusa uzi wa E na uzi wa G, kanyaga mpangilio wa kwanza, ukipige tena vilevile, kisha rudi kwenye sauti tupu. Rekebisha mpaka kuhama kusikike kama mabadiliko ya rangi, si ya ukubwa. Fanya hivyo kwa kila mpangilio, daima ukilinganisha na sauti tupu. Ukilinganisha wa pili na wa kwanza, wa tatu na wa pili, kosa dogo la kila mara litajumlishwa, na ule wa nane utakuwa mbali mno na ulikoanzia.

Nobu ya kurekebisha ni ile ya kiwango cha mpangilio mzima. Ukipunguza geini ya ovadraivu (nobu ya kiasi cha ukwaruzaji) ili sauti ishuke, utakuwa umebadilisha rangi yake. Ukipunguza amplifaya, utakuwa umeshusha mipangilio yote kwa pamoja na tofauti itabaki palepale.

Usiutegemee sana mshale wa kipimo. Sauti iliyokazwa na kompresa au kukwaruzwa na ovadraivu ina vilele vifupi lakini wastani mkubwa, hivyo kipimo cha vilele kitaonyesha kwamba iko sawa na sauti safi, wakati sikio linaisikia kubwa zaidi. Programu za simu za kupimia kelele hupotosha zaidi: nyingi hufuata kipimo cha A, ambacho kwenye Hz 50 hukata takriban desibeli 30, yaani karibu besi yako yote. Amini sikio.

Simama pia mahali panapofaa. Kabati lililo sakafuni hurusha sauti zake za juu kuelekea magotini mwako, nawe ukisimama karibu nalo utadhani sauti imeziba na kuanza kuongeza kusikotakiwa. Tumia waya mrefu, tembea hadi katikati ya chumba, kisha hadi nyuma, kwa sababu masafa ya chini hukusanyika sehemu moja na kufifia nyingine. Jioni yangu iliyopotea ilitokana na hili: amplifaya ilikuwa imesukumwa kwenye kona, kona ikavimbisha sauti za chini, nami nikapunguza besi kwenye kila mpangilio, mmoja baada ya mwingine, mpaka yote kumi ikakaa sawa. Onyesho lililofuata lilikuwa kwenye ukumbi mwingine na amplifaya ilikaa mbali na kuta, na mipangilio yote kumi ilisikika myembamba kama gitaa la ridhimu. Tangu hapo kasoro za chumba nazirekebisha kwenye ekwalaiza ya jumla ya kifaa au kwenye amplifaya, na ekwalaiza ya mpangilio siigusi kwa sababu ya chumba.

Mpangilio wa solo pekee nauruhusu kuzidi, kwa desibeli 2 au 3, na hapo naongeza sauti za kati karibu na Hz 800 badala ya zile za chini.

Viwango vikishakaa sawa, weka volyumu kuu ya kifaa mahali pamoja na ubandike kipande kidogo cha utepe kuonyesha ilipo. Kwenye begi nobu hizi hugeuka zenyewe, na fundi mitambo aliyekwisha kupanga kiwango chako kwenye miksa atashangaa kukikuta kimebadilika.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Kwenye vifaa vingi mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa hupotea mara tu unapohamia mpangilio mwingine, kwa hiyo hifadhi baada ya kila rekebisho. Ipange mipangilio kwa mfuatano wa nyimbo za onyesho, ili kuhama kuwe ni mkanyago mmoja kwenda mbele. Kifaa kikiwa na tundu la USB, nakili mipangilio yote kwenye kompyuta kabla ya kusasisha programu yake, kwa kuwa baadhi ya masasisho huirudisha mipangilio kwenye hali ya kiwandani.