Somo: kuzipanga skeli kwa vipimo vya hatua zake

Wanaojifunza muziki hapa Mombasa huuliza kwanza skeli, yaani ngazi ya nota ambazo wimbo hutumia, ina nota ngapi. Jibu lake halitufikishi mbali. Meja ina nota saba, na maqamu (skeli za muziki wa Kiarabu) kama Hijazi na Rasti zina saba saba, na bado msikilizaji wa taarab hawezi kuzichanganya. Kinachozitenganisha ni hatua, yaani umbali wa kutoka nota moja hadi inayoifuata. Leo tunahesabu hatua hizo zina vipimo vingapi tofauti.

Kwanza, andika nota za skeli kuanzia mzizi, yaani nota yake ya kwanza, hadi mzizi wa juu. Huo wa juu usiuache, maana hatua ya mwisho nayo imo kwenye hesabu.

Pili, kaa kwenye kinanda uhesabu nusutoni (umbali wa kibao kimoja hadi kinachokifuata, vyeusi kwa vyeupe) kati ya kila nota mbili jirani. Meja ya C inatoka 2-2-1-2-2-2-1. Jumla lazima iwe 12; isipokuwa 12, hesabu upya.

Tatu, andika vipimo bila kurudia. Meja ina 1 na 2 basi, kwa hiyo ni skeli ya vipimo viwili. Ukianzia nota nyingine ya skeli hiyohiyo, mfululizo unazunguka tu na vipimo havibadiliki. Ndiyo sababu maina ya asili (skeli ya “minor”), 2-1-2-2-1-2-2, imo kundi moja na meja.

Nne, ipe skeli kundi lake. Kundi la kipimo kimoja ni dogo: kwa mfano nota zote kumi na mbili zikipangwa mfululizo, au skeli ya toni nzima, 2-2-2-2-2-2. Sikio huko halipati mahali pa kutua, kwa kuwa kila upande unafanana na mwingine. Kundi la viwili lina meja na pentatoniki ya 2-2-3-2-3. La vitatu lina Hijazi, 1-3-1-2-1-2-2. Ile 3 iliyobanwa na 1 mbili ndiyo inayoitambulisha Hijazi hata kabla mwimbaji hajafika katikati ya ubeti.

Tano, na hapa tusiharakishe: skeli mbili za vipimo viwili zinaweza kutofautiana sana ndani. Chukua maina ya melodia inapopanda, 2-1-2-2-2-2-1. Vipimo vyake ni 1 na 2, sawa na meja. Sasa ruka hatua nne kutoka kila nota. Kwenye meja utapata nusutoni 7 mara sita na 6 mara moja. Kwenye maina hiyo utapata 6, 7 na 8. Hatua ni za vipimo viwili, lakini miruko ni ya vitatu. Erv Wilson, mwananadharia wa muziki wa Marekani, aliziandikia skeli za namna ya meja, ambazo hakuna mruko wenye vipimo zaidi ya viwili, mwaka 1975. Mimi naona jaribio hili lina faida kuliko yote yaliyotangulia.

Sita, maqamu zenye robo toni, yaani nusu ya nusutoni. Kinanda cha kawaida hakizifikii, basi tumia senti, kipimo alichokileta msomi Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885: nusutoni ni senti 100, oktavu (mzizi hadi mzizi wa juu) ni 1200. Kwa nadharia, Rasti ni 200-150-150-200-200-150-150. Vipimo viwili tu! Wengi huiogopa, kumbe kwa hesabu ya hatua iko safu moja na meja. Lakini ipitishe kwenye jaribio la tano kwa kuruka hatua mbili mbili: utapata 300, 350 na 400. Bayati, 150-150-200-200-100-200-200, iko kundi la vitatu.

Maswali ya wanafunzi

Wa Likoni: Shikamoo mwalimu. Maqamu ya Nahawandi niiweke wapi? Mwenzangu anapata vipimo viwili, mimi vitatu.

Marahaba. Nyote mmehesabu vyema. Sehemu yake ya juu ikiwa Hijazi, kama ilivyo mara nyingi inapopanda, ni 2-1-2-2-1-3-1, vipimo vitatu. Ikishuka kwa maqamu ya Kurdi inakuwa 2-1-2-2-1-2-2, viwili. Andikeni zote mbili.

Wa Mji wa Kale: Maalim, mimi napiga udi, na udi hauna vizuizi vya vidole. Hatua zangu hazilingani kamwe. Je, si nitapata vipimo saba?

Ndugu yangu, amua kwanza unapanga kitu gani: skeli uliyoikusudia au mlio uliotoka. Tuning, yaani namna sauti za nota zinavyowekwa, nayo hubadilisha kundi. Meja iliyojengwa kwa kwinti safi (umbali wa nota ya kwanza hadi ya tano) peke yake ina hatua za senti 204 na 90, vipimo viwili. Ukiitengeneza ili nota yake ya tatu iwe safi pia, inakuwa 204-182-112-204-182-204-112, vipimo vitatu. Tofauti ya senti 22 sikio lako la udi litaisikia. Basi taja tuning kabla ya kutaja kundi.

Wa Kisauni: Kuna skeli ya nota saba yenye kipimo kimoja?

Kwenye kinanda haipo, kwa sababu 12 haigawanyiki kwa 7. Kwa kipimo kimoja, kinanda kinakubali nota 12, 6, 4, 3 au 2 tu. Kwa senti inawezekana: gawa 1200 kwa 7, kila hatua iwe takriban 171.4. Mwenye udi wa Mji wa Kale anaweza kukupigia.