Namna ya kuandaa ubao tambarare wa kuundia ndege za mfano

Bawa la kwanza nililounda kwa balsa, mti mwepesi na laini, nililiundia juu ya meza ya kulia chakula, nikiamini kwamba meza inayobeba bakuli la mchuzi bila kumwaga haiwezi kuwa na kasoro ya kumsumbua mtu. Ndege ilipokamilika na kurushwa kwa mkono, iliegemea kushoto. Niliibandika sarafu kwenye ncha ya bawa la kulia, nayo ikanyooka ilipokwenda polepole, lakini kila ilipopata kasi ilirudia ulevi wake, kwa sababu uzito wa sarafu haubadiliki ilhali nguvu ya hewa juu ya bawa lililopotoka huongezeka pamoja na mwendo. Nilipoirudia meza na kuilaza rula ndefu juu yake, nilikuta kona moja imenyanyuka takriban milimita 3 kuliko zile nyingine tatu.

Mifupa ya bawa la namna hii huundwa ikiwa imelala juu ya ramani yake. Boriti ya chini, kijiti kinachopita kwa urefu wa bawa, hubanwa kwa pini, mbavu, yaani vipande vyembamba vinavyokatiza upana wa bawa, husimamishwa juu yake moja baada ya nyingine, kisha hufuata ukingo wa mbele, ukingo wa nyuma na boriti ya juu. Mpaka hapo kila kitu bado kinanyumbulika, lakini gundi ikishakauka, na hasa boriti mbili zikishaunganishwa kwa vipande vya balsa vinavyoziba nafasi kati ya mbavu, umbo hufungika kama lilivyokuwa juu ya ubao, liwe zuri au baya.

Ubao unaweza kuwa na kasoro mbili ambazo wanaoanza huzichanganya. Ya kwanza ni kupinda, yaani katikati kupanda au kushuka kama upinde, na hii si ya kutisha sana, kwani mabawa yote mawili yakiundiwa juu ya ubao uliopinda kidogo yatapinda kwa namna moja na ndege haitajua tofauti. Ya pili ni msokoto, yaani kona moja kupanda au kushuka kuliko bapa la zile nyingine tatu, nayo ndiyo adui. Kamba iliyosokotwa kwenda kulia hubaki ya kulia hata ukiigeuza mwisho ukawa mwanzo, na msokoto wa ubao una tabia hiyohiyo: ukiundia bawa la kulia na la kushoto juu ya ubao mmoja uliosokotoka, moja litainua ukingo wake wa mbele kuelekea nchani na jingine litauinamisha, na kuigeuza ramani huku na huku hakutakusaidia. Kosa la milimita 2 kwenye bawa lenye upana wa sentimita 20 ni pembe inayozidi kidogo nusu digrii, ambayo peke yake ingevumilika. Lakini kwa kuwa mabawa yanasokotoka kinyume, tofauti kati yao huwa zaidi ya digrii 1, na hiyo ndiyo iliyoiangusha ndege yangu kwenye mchongoma wa jirani.

Jambo jingine linalostahili kunyooshwa mapema ni kwamba utambarare si usawa. Fundi wa ujenzi hutembea na pimamaji kwa sababu anataka sakafu isiyoelemea upande, lakini bawa halijali kama ubao wako umeinama kama dawati la shule, mradi uso wake wote uwe katika bapa moja. Nimewaona watu wakipoteza asubuhi nzima kuisawazisha meza hadi tone la hewa likae katikati, kisha wakaundia bawa juu ya uso wenye bonde.

Kuhusu ukubwa, usiwe na tamaa. Karatasi za balsa za kawaida zina urefu wa sentimita 91.5, hivyo ubao wa sentimita 100 kwa 35 unatosha kazi nyingi, na ubao mdogo ni rahisi kuuweka tambarare kuliko mkubwa. Ndege yenye mabawa ya mita 1.5 huundwa nusu kwa nusu, kila nusu ikiwa na sentimita 75. Wakati wa kuziunganisha, nusu moja hulala ubaoni na nyingine huinuliwa hewani juu ya kigogo. Ikiwa kila bawa linatakiwa kupanda digrii 5, nusu iliyoinuliwa hubeba digrii zote 10, hivyo ncha yake itakaa sentimita 13 juu, na hapo haihitaji ubao chini yake.

Sasa tuje kwenye mali yenyewe. Plaiwudi iache, kwa sababu hata ile nene ya milimita 18 hutoka dukani ikiwa imeshajisokota, na ikikaa wiki mbili katika chumba chenye unyevu hubadili mawazo tena. MDF ya unene huohuo, yaani ubao wa mti uliosagwa na kushindiliwa pamoja na gundi, ni bora zaidi, kwa kuwa haina nyuzi za mti zinazovutana, nayo fundi seremala atakukatia kwa vipimo kutoka kwenye mabaki ya kabati la mteja mwingine. Mlango wa flashi, ule wenye plaiwudi nyembamba pande zote mbili na fremu ndani, ni mgumu kuliko uzito wake unavyoonyesha na huwafaa wenye nafasi, lakini uchague mwenyewe: usimamishe, funga jicho moja, tazama kwa urefu ukioanisha ukingo wa karibu na wa mbali, na ukiona kona moja inajitokeza, mwambie muuzaji akuletee mwingine bila kuona haya.

Aliye na fedha kidogo zaidi aende kwa fundi vioo. Kioo cha dirisha cha siku hizi hutengenezwa kwa kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, kikaelea humo na kutandaa chenyewe hadi kipoe, utaratibu uliotangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959, na ndiyo maana kipande cha kawaida kina uso tambarare ambao seremala hawezi kuufikia kwa randa. Chukua unene wa milimita 10, kingo zisagwe zisikukate, na ujiandae kubeba karibu kilo 9 kwa ukubwa niliotaja. Usichukue kile kilichoimarishwa kwa moto, kwani roli zinazokipitisha tanurini hukiachia mawimbi madogo. Kioo nacho hujipinda kikiwekwa juu ya kitu kibovu, kwa hiyo hakikuondolei wajibu wa kutengeneza msingi mzuri, na pini haziingii. Utabana kazi kwa utepe wa karatasi na vizito. Faida yake ni kwamba gundi iliyomwagika hukwanguliwa kwa wembe.

Anayependa pini, na mimi ni mmoja wao, abandike juu ya MDF tabaka laini la milimita 10 hadi 12. Softibodi, ile iliyo chini ya kitambaa cha mbao za matangazo maofisini, hupokea pini vizuri na kuishika. Jipsamu ya silingi nayo inafaa na hupatikana kila mtaa, ingawa baada ya mabawa matatu hivi huanza kumwaga unga na lazima ibadilishwe. Usiokote vibao vyeupe vya silingi kutoka kwenye nyumba ya zamani inayobomolewa, kwani vingine vina asbesto, na vumbi lake si la kulichezea. Gundi ya kubandikia ipakwe kwa uso mzima, kisha rundika juu yake matofali au ndoo za maji usiku kucha. Ukiibandika kwa madoa madoa, tabaka litavimba kati ya doa na doa.

Kabla ya kupima ubao, pima kipimio. Bomba la mraba la alumini linalotumiwa na mafundi wa madirisha ni rula nzuri, lakini lijaribu kwanza: chora mstari mwembamba kwa kulifuata, ligeuze upande huohuo wa kuchorea uangalie upande wa pili wa mstari, chora tena kati ya alama zilezile mbili. Mistari ikitengana, mwanya unaouona ni mara mbili ya kosa la bomba. Likifaulu, lilaze juu ya ubao kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili, huku ukijaribu kupenyeza karatasi za ofisi chini yake. Karatasi moja ina unene wa takriban sehemu 1 ya 10 ya milimita, kwa hiyo tano ni nusu milimita, na hicho ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote.

Rula hukuonyesha kupinda. Kwa msokoto kuna uzi. Weka vigae vinne vya unene mmoja kwenye kona nne, kisha vuta nyuzi mbili za kushonea kutoka kona hadi kona zikatane katikati, ukizikaza hadi zilie zikiguswa. Ubao ukiwa mzuri nyuzi zitagusana bila kusukumana. Zikiachana, badala ya kukisia, kumbuka kwamba mwanya wa milimita 1 pale katikati maana yake kona imetoka nje kwa milimita 2. Kisha badilisha, uzi wa chini uwe juu, na upime tena, kwa sababu kuna msokoto ambao katika mpangilio wa kwanza hujificha kwa kuusukuma uzi mmoja juu ya mwenzake. Wenye jicho zuri wanaweza pia kuweka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho wa ubao, wakachutama na kutazama kama migongo yake inalala sambamba. Vijiti vikiwa na urefu mara mbili ya upana wa ubao, kosa nalo huonekana mara mbili.

Ukishajua kosa liko wapi, usilikimbilie kwa randa. Mara nyingi ubao hauna hatia, ila umelazwa juu ya meza yenye miguu minne juu ya sakafu isiyonyooka, na uzito wake unaulazimisha kufuata. Uweke juu ya nukta tatu tu: mbili upande mmoja, kila moja karibu robo ya upana kutoka ukingoni, na moja katikati ya upande wa pili. Kitu kinachokaa juu ya nukta tatu hakiwezi kusokotwa na sakafu, na ndiyo sababu kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi jikoni. Piga uzi tena ukiwa hivyo. Kosa likitoweka, meza ndiyo ilikuwa mwizi. Likibaki, ni la ubao, nalo hurekebishwa kwa kusogeza nukta na kuongeza kabari za karatasi chini ya kona iliyoshuka mpaka nyuzi zigusane. Mwisho kabisa, weka kabari nyepesi chini ya kona zisizo na msaada, zikigusa tu bila kuinua, ili ubao usipinduke ukiegemeza kiwiko.

Anayeishi pwani aongeze kazi moja. MDF hunywa unyevu, na ikiunywa kwa upande mmoja hupinda kuelekea upande mkavu, hivyo upakwe vanishi juu, chini na kwenye kingo, kwa idadi ileile ya mipako kila upande, kabla ya kubandika tabaka laini. Ubao usikae pia mahali ambapo jua la dirishani huupiga nusu na kuacha nusu.

Ramani ifungwe ubaoni kwa utepe, ikiwa imenyooshwa lakini haijavutwa, na juu yake itandazwe nailoni ile ya kujalidia madaftari ya watoto, ambayo gundi nyingi haziishiki. Mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukiitumia imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na sioni hasara, kwani ilikuwa na mikunjo. Pini za washonaji zisipite katikati ya boriti, kwa sababu balsa hupasuka kwa urefu. Zichomeke mbili mbili pembeni, zikipishana juu yake kama mkasi. Kuna msokoto mmoja tu unaotakiwa, ule wa kuinua ukingo wa nyuma kuelekea ncha za mabawa ili zisipoteze nguvu ya kuinua mapema ndege inapopunguza mwendo. Digrii 2 kwenye upana wa sentimita 20 ni milimita 7, nao hupatikana kwa kuweka chini ya ukingo wa nyuma kabari ndefu inayoanza na sifuri upande wa kiwiliwili na kuishia na milimita 7 nchani. Kabari ya bawa la pili iwe sawa na ya kwanza, ikigeuzwa.

Bawa likishagundishwa, liache limebanwa saa 24 hata kama gundi inaonekana kavu, kwani gundi nyeupe huingiza maji kwenye mti na mti hupotoka ukikauka bila kushikwa. Baada ya kulitoa, lilaze tena mahali palepale na ubonyeze kila kona kwa kidole: ikisikika inagonga, ingiza karatasi uhesabu. Chini ya ubao wangu kuna maandishi ya penseli, tarehe na idadi ya karatasi kwa kila kona, ninayoyaongeza kila baada ya bawa. Mstari wa mwisho, ulioandikwa katikati ya masika, unasema karatasi 3 kona ya nyuma kulia, na kabari yake bado iko pale.