Kabla hujampelekea fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) huo mguu wako, soma hii kwanza

Wakimbiaji wenzangu, siku hizi Jumapili asubuhi ukipita Kololo au Naguru hapa Kampala barabara imejaa watu wa mbio na mimi nafurahi sana, ila mtu akiumia utakuta ama amenyamaza anaendelea hivyo hivyo, ama amemwita jirani amkande na mafuta mpaka mguu unavimba. Wewe umeamua kwenda kwa fizio, vizuri, lakini jiandae.

Viatu beba vile vile unavyokimbilia, na matope yake. Soli ilivyolika inampa picha mguu wako unatua vipi. Kama ni mivumba (mitumba) ya soko la Owino sema tu, kiatu kinaweza kung'aa juu na huku sponji ya ndani imekufa zamani.

Vaa kaptura. Na jinzi atakuonaje nyonga? Goti la mkimbiaji mara nyingi linaumia kwa sababu misuli ya tako na paja haina nguvu, kwa hiyo atakuambia uchuchumae kwa mguu mmoja aone goti linavyokimbilia ndani.

Andika kilomita zako za wiki 6 zilizopita, usiongeze usipunguze. Andika na lami au udongo, mlima au tambarare.

Halafu hili, tafadhali lisikilize. USIMEZE DAWA YA MAUMIVU asubuhi ya kwenda kupimwa, na kama umemeza, sema.

Mimi nilikuwa najiandaa na mbio za Novemba hapa Kampala, kilomita 42. Nikatoka kilomita 30 kwa wiki nikafika 60 ndani ya wiki 3 tu, na nyingi ni za kuteremka Naguru kwenye lami. Ugoko wa kushoto ukaanza kuuma, mwanzoni nikipata joto unaacha, baadaye ukawa unauma mpaka namaliza, mwisho ukawa unauma hata usiku nimelala. Siku ya miadi nikaamka nachechemea na boda ilikuwa inanisubiri nje, nikameza diklofenaki 2 za maumivu nikaondoka. Musawo mwenyewe, yaani huyo fizio, alikuwa dada makini sana, akanibonyeza ugoko kwa kidole gumba kuanzia chini ya goti mpaka kifundo, taratibu, sentimita kwa sentimita, akaniambia ruka kwa mguu huo mara 10. Nikaruka zote. Akauliza, "Hapa je?" Nikajibu si sana. Akauliza kama nimemeza dawa yoyote, nikasema hapana, maana kwangu dawa ilikuwa ya malaria au ya presha, hizi za kununua dukani sikuzihesabu kabisa.

Basi akatibu alichoambiwa. Akanipa mazoezi ya misuli ya ugoko na kigimbi, kunyanyua visigino, halafu baada ya wiki 2 kurukaruka kidogo kidogo. Siku ya pili ya kurukaruka, niko uani kwetu, nikasikia kitu kimekatika kama kijiti kikavu na nikakaa chini hapo hapo. Ulikuwa ni ufa wa mfupa tangu mwanzo, na mimi nimeurukia mpaka ukafunguka. Wiki 8 za magongo, mbio za Novemba nikazisikilizia kitandani. Niliporudi kwake akaniambia kwa upole tu, "Kaka, siku ile nilibonyeza dawa, sikubonyeza mguu."

Ndiyo maana nasisitiza. Ugoko wa kawaida wa mkimbiaji unauma kwa urefu, maumivu yametandaa upande wa ndani wa mfupa, lakini ufa mara nyingi una sehemu moja ambayo unaweza kuifunika kwa ncha ya kidole, na ukiruka unachoma pale pale. Na usijipe moyo kwamba eksirei itaona yote, wiki 2 au 3 za mwanzo ufa unaweza usionekane kabisa kwenye picha, kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kidole chake na mdomo wako. Yule dada hakukosea, mimi nilimficha.

Mengine ni ya haraka. Uliza bei na utarudi mara ngapi kabla hamjaanza. Omba akurekodi kwenye simu yako ukifanya zoezi, ukifika nyumbani utasahau mgongo ulikaaje. Kama ni kano ya kisigino utaambiwa usimame ukingoni mwa ngazi ushushe kisigino polepole, mara 15 kwa awamu 3, asubuhi na jioni, wiki 12, na wengi wanaacha wiki ya 4 maumivu yakipungua halafu yanarudi palepale, kwa hiyo kabla ya kulipa jiulize kama hizo wiki 12 unazo.

Na si kila mguu ni wa fizio. Kigimbi kimoja kikivimba, kina moto, na hukumbuki kujigonga, usikandwe na mtu yeyote, nenda hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda. Mgongo unauma na umeanza kufa ganzi katikati ya mapaja au mkojo haushikiki, hospitali pia, usiku huo huo. Homa na goti limejaa maji, usingoje. Mtoto wa shule anayechechemea wiki nzima naye msimwambie avumilie eti anataka kuwa mkimbiaji wetu Cheptegei, mpelekeni. Wale wenye kisukari angalieni nyayo kabla na baada ya kila mbio, na ukiambiwa upumzike muulize papo hapo kama baiskeli inaruhusiwa, na kuogelea, na kutembea mpaka kazini.