Kumpima mtoa huduma ya tiba shufaa kabla hujamkabidhi mgonjwa wako

Ukiulizia hospisi Mbeya, Iringa au Njombe, usitegemee kuonyeshwa jengo lenye vitanda na bustani. Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito, huku nyanda za juu kusini kwa kawaida ni timu ndogo inayotokea hospitalini: muuguzi mmoja au wawili, tabibu au daktari aliyesomea kazi hiyo, mtu wa ustawi wa jamii, mchungaji, padri au shehe anayeitwa akihitajika, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii huko vijijini. Mgonjwa mwenyewe yuko nyumbani, na anayemuuguza ni binti yake au mkwewe. Kwa hiyo rangi ya ukuta wa hospitali haikuambii kitu. Uliza kama mgonjwa alilala jana usiku. Kama hakulala, nani katika timu alijua, na alifanya nini?

Anzia hospitali inayomtibu mgonjwa wako, iwe ya serikali kama ile ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, au ya dini kama Tosamaganga, Ilembula na Ikonda. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kwa mfano, limefanya kazi ya tiba shufaa kwa miaka mingi kupitia hospitali zake. Muulize muuguzi wa wodi, au wa CTC (kliniki ya VVU) kama mgonjwa anaishi na VVU: "Mkimruhusu mgonjwa mwenye maumivu makali kwenda nyumbani, mnamkabidhi kwa nani?" Ukitajiwa jina la mtu na namba ya simu, hapo kuna huduma. Ukiambiwa "arudi baada ya mwezi", endelea kutafuta.

Wala usikubali kuambiwa "huyu bado hajafikia huko." Tiba shufaa huanza pale ugonjwa mzito unapogunduliwa na hutembea sambamba na matibabu mengine. Si ya saratani peke yake pia. Moyo unaoshindwa kazi, figo, VVU na kiharusi vimo.

Mofini ndiyo kipimo cha kwanza

Uliza moja kwa moja: "Mofini ya kunywa mnayo leo?" Si wiki ijayo, leo. Hii ni dawa ya maumivu makali inayodhibitiwa kisheria, si kila kituo kinaruhusiwa kuitunza, na huandikwa kwenye rejista chupa kwa chupa. Kituo kisichokuwa nayo si lazima kiwe kibaya, ila lazima kikuambie inachukuliwa wapi, nani anaandika cheti cha dawa, na gari la kuileta linakuja siku gani. Timu iliyo makini pia huwa na jibu la swali la pili: ikiisha ghafla, mnafanyaje? Mgonjwa aliyeizoea dozi akiikosa siku mbili hupata maumivu yaliyorudi kwa nguvu, na juu yake jasho, kuhara na kukosa utulivu.

Kisha wafanyie hesabu. Dozi huamuliwa na tabibu, lakini hesabu ya chupa unaweza kuifanya wewe. Chukua mgonjwa anayeanza na miligramu 5 kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku anapewa mara mbili, yaani miligramu 10, ili asiamshwe usiku wa manane. Jumla ni miligramu 30 kwa siku. Ongeza dozi za dharura za maumivu yanayochomoza katikati, tuseme mbili za miligramu 5, unafika 40. Kama dawa yake ni miligramu 1 kwa kila mililita, kwa wiki anahitaji mililita 280. Sasa mtu anayemkabidhi mgonjwa wa Ludewa chupa ya mililita 100 na kumwambia aonane naye mwisho wa mwezi hajapiga hesabu kabisa. Chupa hiyo inakwisha siku ya tatu.

Angalia kibandiko cha chupa. Lazima kiseme miligramu ngapi ziko ndani ya mililita moja, na maelekezo yatoe vipimo vyote viwili. Makosa mabaya zaidi ya mofini nyumbani hutokea hapa: familia imezoea kuvuta mililita 5 za dawa ya miligramu 1 kwa mililita, inabadilishiwa chupa ya miligramu 10 kwa mililita, inaendelea kuvuta zilezile 5, na mgonjwa anameza miligramu 50. Timu nzuri inakupa bomba la sindano lisilo na sindano, inachora alama kwa kalamu pale pa kuishia, na inakutaka uvute mbele yao. "Kijiko kimoja" si kipimo. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Soma na vitu vilivyoandikwa pembeni ya mofini. Dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili au sena, inapaswa kuanza siku ileile, kwa sababu kufunga choo hakuishi jinsi kusinzia kunavyoisha. Mgonjwa asiyepata choo siku tano huja kukataa mofini mwenyewe, na familia husema dawa imemshinda. Kichefuchefu huweza kuja siku za mwanzo, kwa hiyo metoklopramidi ya akiba ni dalili kwamba aliyeandika cheti anaijua kazi. Kusinzia siku mbili tatu za mwanzo ni jambo la kawaida. Mara nyingi ni usingizi uliokuwa ukidaiwa.

Jihadhari na mtoa huduma anayefanya haya:

- Anaandika mofini "akiumwa tu". Maumivu ya kudumu hutibiwa kwa saa, si kwa kusubiri mtu alie.
- Anakataa kuongeza dozi kwa kuogopa kwamba mgonjwa "atakuwa teja". Mofini haina kikomo kimoja cha dozi kwa kila mtu. Huongezwa taratibu mpaka maumivu yatulie au madhara yazuie.
- Anaandika mofini na tramado, dawa nyingine ya maumivu, kwa pamoja bila sababu anayoweza kueleza, au anapandisha tramado kupita miligramu 400 kwa siku.
- Anamweka mtu kwenye diklofenaki miezi mitatu bila kuuliza habari za vidonda vya tumbo wala figo.

Swali moja linatenganisha waliosomea na wanaokisia. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyoenea anaweza kuzibwa mirija ya mkojo, figo zikadhoofika, na mofini ikaanza kujikusanya mwilini kwa dozi ileile aliyokuwa akiivumilia. Uliza: "Nitajuaje kwamba imemzidi?" Jibu sahihi litataja usingizi mzito usioamshika vizuri, misuli inayoshtukashtuka, kuweweseka, pumzi za polepole, na mkojo uliopungua. Litasema pia kwamba hapo dozi hupunguzwa au kutanuliwa muda, na kwamba simu hupigwa kabla ya dozi inayofuata.

Kwa anayetumia ARV, tazama kama waliuliza dawa zake zote. Maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuchoma na kama umeme, mara nyingi hupewa amitriptilini kidogo usiku. Wapo wanaoandika kabamazepini bila kujua kwamba hupunguza nguvu ya dolutegraviri iliyomo kwenye kidonge cha kila siku.

Ziara ya kwanza

Kaa kando utazame. Ziara ya kwanza ya maana haimalizwi kwa dakika kumi. Muuguzi anamsalimia mgonjwa kabla ya kuisalimia familia, anamwita mama, baba au bibi kwa heshima ya umri wake, anakaa, halafu anauliza maumivu yako wapi, yanaendaje, yanaamsha usiku au la. Kipimo rahisi kinachotumika sana ni vidole: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Namba hiyo inaandikwa. Ziara ya pili inaandikwa tena. Omba uone jalada: kama lina namba 4, kisha 2, kisha 1, mgonjwa anatibiwa. Kama lina "anaendelea vizuri" mara sita, anatembelewa tu.

Baadhi ya timu hutumia fomu ya Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika yenye maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya familia, kila moja likijibiwa kwa 0 hadi 5. Ukiona fomu hiyo imejazwa, pamoja na yale maswali ya hofu, ya amani ya moyo na ya familia kupewa taarifa, umefika pazuri.

Jambo la lugha hupuuzwa. Bibi wa Busokelo anaweza kujibu "sijambo" kwa Kiswahili na kueleza maumivu yake yote kwa Kinyakyusa. Hali ni hiyohiyo kwa Kihehe, Kibena au Kisafwa. Timu iulize nani atatafsiri, na asiwe mjukuu wa miaka kumi na miwili. Mtoto hapaswi kumtafsiria bibi yake habari za damu inayotoka ukeni, na bibi hatazisema mbele yake.

Waulize pia wanasemaje kuhusu mitishamba. Anayefoka hujifungia mlango, kwani familia itaendelea kuitumia kwa siri. Anayeuliza kwa upole ni ipi, kiasi gani na tangu lini analinda figo za mgonjwa.

Usiku, masika na barabara

Piga namba mliyopewa saa 3 usiku siku ya Jumamosi, kabla ya kuwa na shida. Si utovu wa adabu, ni ukaguzi. Kama haipokelewi, ulizia namba ya pili.

Kisha jadilini njia. Kati ya Novemba na Mei, barabara za udongo za Makete, Ileje na milima ya Rungwe zinaweza kumzuia hata bodaboda. Timu inayoyajua maeneo yake huongeza akiba ya dawa kabla ya mvua kuchanganya, humpa mhudumu wa afya wa kijiji kazi mahususi ya kupita kila baada ya siku kadhaa, na hufuatilia kwa simu siku moja au mbili baada ya kubadilisha dozi. Ikisema "tutakuja tukipata mafuta" na isiwe na mpango mwingine, ihesabu kama huduma ya kliniki na ujipange hivyo.

Pima na ushauri wao wa safari. Kutoka Mbeya hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800. Kuna wakati safari hiyo ina faida kubwa: mionzi, wakati mwingine ya mara moja tu, inaweza kutuliza maumivu ya mfupa au kusimamisha damu. Kuna wakati ni kumchosha mtu anayehesabu siku. Mtoa huduma mzuri anakueleza safari itamletea mgonjwa nini hasa, na anakuandalia dawa za njiani. Anayeahidi kuponya kwa kuuza makopo ya virutubisho hafanyi tiba shufaa.

Mnachofundishwa

Baada ya wiki mbili, anayeuguza awe anaweza kufanya haya bila kuuliza: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 na kukagua mgongo wa chini, nyonga na visigino, kusafisha kinywa kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, kubadilisha shuka mtu akiwa juu yake, kuandika dozi kwenye daftari. Kwa kidonda chenye harufu, muulize muuguzi wanatumia nini. Wengi husaga vidonge vya metronidazo na kunyunyizia juu ya kidonda, na harufu hupungua ndani ya siku chache. Jibu la "fungeni madirisha" halitoshi. Harufu ndiyo inayomfanya mgonjwa akatae wageni.

Fedha iwekwe wazi mapema: nani analipia nauli ya muuguzi, vifaa na dawa, na kwa stakabadhi gani. Kama hamjiwezi, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo ya kuulizwa kuhusu msamaha.

Siku za mwisho

Uliza haya angali anaongea. Akishindwa kumeza mtafanyaje? Wanaojua watakuambia kwamba kiasi kidogo cha mofini yenye nguvu kinaweza kudondoshwa ndani ya shavu, na kwamba ipo dawa ya kupunguza mkoromo wa makohozi. Ndugu watadai dripu. Sikiliza timu inavyowajibu. Mwili unaozimika hauwezi kuyatumia maji mengi, nayo huishia kwenye mapafu na miguu, mgonjwa akahangaika zaidi. Timu nzuri huwaeleza wazee wa ukoo jambo hilo wakiwa wameketi, si mlangoni, na huwaonyesha cha kufanya badala yake: kulowesha midomo kwa kitambaa safi.

Waulize pia kama wamezungumza na mgonjwa anataka kufia wapi na azikwe wapi, kwa sababu kusafirisha mwili kutoka Mbeya mjini hadi Kyela au Mafinga ni gharama inayohitaji maandalizi. Akifia nyumbani, wakuelekeze taarifa inaanzia kwa kiongozi gani wa mtaa au kijiji ili kibali cha mazishi kipatikane na baadaye cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mofini iliyobaki inarudishwa hospitalini na kuandikwa kwenye rejista. Isipodaiwa, rejista yao ina walakini. Na ndani ya wiki chache baada ya mazishi, mtu wa timu apige simu au apite kumsalimia aliyekuwa akiuguza.