Kutoka kutengeneza urembo kwa kupenda hadi kuuza: hatua za kufuata

Mtu anayetengeneza hereni na bangili kwa kujifurahisha ana uhuru mkubwa. Akichoka anaacha, shanga za rangi moja zikiisha anaweka za rangi nyingine, kifungio kikilegea anakikaza mwenyewe. Mteja akishalipa, uhuru huo umekwisha. Anataka bangili ile ile aliyoiona kwenye picha, imkae vizuri mkononi, isikatike akiwa safarini na isimwachie vipele. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na jina la biashara, nembo wala ukurasa wa mtandaoni. Unaanza na kitu chenyewe, kisha unakwenda kwenye bei, mahali ambapo mafundi wengi wa kazi hii wanaumia kimyakimya.

Hatua ya 1: Chagua vichache unavyoweza kuvirudia

Panga mezani kila ulichotengeneza, kisha jiulize kwa kila kimoja: shanga hizi nitazipata tena? Nikiagizwa kumi, zote zitafanana? Mikono yangu inaweza kazi hii siku nzima? Bakisha vitu vitatu au vinne. Ni vizuri vikishabihiana, kwa mfano hereni, bangili na kidani vyenye shanga za aina moja, kwa sababu aliyenunua hereni leo ndiye atakayerudi kutafuta kidani cha kuvaa nazo. Isitoshe, unanunua malighafi za aina chache kwa wingi, na hapo ndipo bei ya kununulia inaposhuka. Vile vya aina yake pekee, usivitupe. Viuze kwa bei ya juu zaidi kama kazi maalumu, ila usivitegemee kukulipia gharama za kila mwezi.

Kwa kila kitu ulichochagua andika kadi ya kazi: ukubwa na idadi ya shanga, unene wa waya, urefu wa uzi kabla ya kukata, aina ya kifungio, na muda unaotumika. Andika vipimo, usiandike "shanga ndogo". Shanga za namba 11 zina kipenyo cha karibu milimita 2, za namba 8 karibu milimita 3, na za namba 6 karibu milimita 4. Kadiri namba inavyopanda ndivyo ushanga unavyokuwa mdogo. Kidani cha sentimita 40 hukaa chini tu ya koo kwa watu wengi, cha 45 hushuka hadi kwenye mitulinga. Kwa bangili, pima kifundo cha mkono kisha ongeza sentimita 1.5 hadi 2. Kama shanga ni nene ongeza zaidi, kwa kuwa unene wake hula nafasi ya ndani: bangili ya shanga za milimita 10 itabana mkono ambao ile ya shanga ndogo, yenye urefu huo huo, inaukaa bila shida.

Hatua ya 2: Tengeneza viungo visivyoachia

Rangi ndizo zinazomvuta mteja, lakini bangili haikatikii kwenye rangi. Hukatikia kwenye fundo, kwenye kipete cha kuunganishia, au pale waya unapoingia kwenye kifungio. Kaa na hatua hii mpaka uimalize kweli.

Anza na vipete vidogo vya kuunganishia. Shika kila upande wa mwanya kwa koleo, kisha sukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Usizivute kulia na kushoto, kwa sababu duara likishapoteza umbo lake halirudi sawasawa. Unapofunga, pitiliza kidogo kisha rudisha, hadi usikie ncha mbili zikikwaruzana. Halafu jaribu kupitisha uzi mwembamba wa kushonea kwenye maungio. Ukipita, mkufu nao utapita.

Kwa vidani vya shanga nzito, tumia waya laini wa chuma uliofunikwa kwa nailoni. Ndani yake huwa umesokotwa kwa nyuzi 7, 19 au 49. Wa nyuzi 7 ni wa bei rahisi lakini ukikunjika alama haiondoki. Wa 49 hulala vizuri shingoni, na kwa kazi ya kuuza nisingeshuka chini ya 19. Mwisho wake hufungwa kwa kishanga cha metali cha kubana, na hapa tumia koleo lake maalumu lenye matundu mawili. Kwanza hakikisha nyaya mbili zilizo ndani ya kishanga hazijapandana. Kibane kwenye tundu lenye meno, ili katikati pazame na kila waya ubaki kwenye chumba chake. Kigeuze kiasi cha robo, kisha kibane kwenye tundu la mviringo hadi kijikunje. Ukikiponda kwa koleo la kawaida kinaweza kushika, lakini kingo zake huwa kali na huukata waya taratibu. Acha pia nafasi ndogo, kiasi cha milimita 2, kabla ya kufunga upande wa pili. Kidani kilichokazwa mno husimama kama fimbo badala ya kulala, na shanga zake hukata waya kila kinapopinda.

Bangili za mpira zinaonekana nyepesi kutengeneza, na ndizo zinazorudishwa sana. Vuta uzi wa mpira mara kadhaa kabla ya kupitisha shanga, kwa sababu mpira mpya hurefuka ukianza kutumika na kuacha mwanya. Funga fundo la kuzungusha mara mbili, kaza, weka tone la gundi, subiri ikauke, kisha ukivute kifundo kiingie ndani ya ushanga wenye tundu pana.

Hereni zina jambo lake. Waya unaoingia sikioni, mara nyingi wa milimita 0.8, ukikatwa kwa koleo huacha ncha kali hata kama jicho halioni. Ilainishe kwa tupa ndogo hadi iwe duara, kisha ipitishe kwenye soksi ya nailoni. Ikinasa hata uzi mmoja, rudi kwenye tupa.

Kabla ya kuuza, vaa. Vaa kila aina kwa wiki kadhaa, fanya nayo kazi za nyumbani, oga nayo, mpe na ndugu asiye na subira aivute na kuitupa kwenye mkoba. Ikitoka salama, ingiza kwenye orodha ya kuuza.

Hatua ya 3: Ijue metali yako na uiite kwa jina lake

Nikeli ndiyo chanzo kikubwa cha mzio wa urembo, na hujificha ndani ya hereni za bei rahisi chini ya mng'aro wa dhahabu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: kinachopita kwenye tundu la sikio kisiachilie nikeli zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa kila sentimita mraba kwa wiki, na urembo mwingine unaogusa ngozi kwa muda mrefu usizidi 0.5. Hata kama huuzi huko, muulize anayekuuzia iwapo bidhaa zake zimepimwa kwa kiwango hicho. Muuzaji anayeijua mali yake atakujibu.

Kwa masikio yanayosumbua, titani na niobi ndizo salama zaidi. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316L kina nikeli, lakini imefungika ndani kiasi kwamba hutoka kidogo sana, na watu wengi hukivaa bila tatizo. Fedha ya 925 maana yake ni asilimia 92.5 fedha halisi, na kinachobaki kwa kawaida ni shaba, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno kwa kazi hii. Hubadilika rangi kwa sababu ya salfa iliyo hewani na jashoni. Mwambie mteja aihifadhi kwenye kifuko kinachofungwa, asije akadhani amepewa bandia.

Hapa nasisitiza uaminifu. Kilichochovywa dhahabu kiite "kilichochovywa dhahabu", usikiite dhahabu. Glasi iite glasi. Usiandike kwamba kitu hakimdhuru mtu yeyote, kwa sababu huwezi kujua ngozi za watu wote. Andika kimetengenezwa kwa nini, basi. Nchi nyingi zina sheria kuhusu mihuri ya dhahabu na fedha, kwa hiyo zisome za kwako kabla hujagonga namba yoyote. Na kama unatengenezea watoto, epuka metali isiyojulikana asili yake kwa sababu ya risasi na kadimi, ambazo ni metali zenye sumu, na usimuuzie mtoto wa chini ya miaka 3 kitu chenye shanga zinazoweza kuchomoka. Shanga humkaba.

Hatua ya 4: Panga bei kwa hesabu

Wengi hutazama jirani anauzaje, wakapunguza kidogo. Bei ya namna hiyo haijui umetumia nini. Chukua karatasi.

Tuseme, kwa fedha ya kwenu, kidani kimoja kimekula shanga za 180, waya wa 40, kifungio cha 50 na kifungashio cha 30. Malighafi ni 300. Sasa muda. Usikisie: tengeneza vitano mfululizo huku saa inatembea, ukihesabu na kupanga shanga, kupiga picha na kufungasha, kisha gawanya kwa tano. Tuseme umepata dakika 50. Ukijilipa 600 kwa saa, kazi yako ni 500. Ongeza 100 kwa umeme, vifurushi vya intaneti, nauli, makoleo yanayochakaa na shanga zinazovunjika. Jumla ni 900, na hiyo ndiyo gharama. Bado hujapata faida.

Weka faida ya asilimia 20, yaani 180, unapata 1,080. Hii ndiyo bei yako ya jumla, bei ya kumuuzia mwenye duka. Bei ya rejareja huwa karibu mara mbili ya hiyo, kama 2,100, kwa kuwa maduka mara nyingi huchukua karibu nusu ya bei anayolipa mnunuzi. Utauliza: nikiuza mwenyewe, kwa nini nisiuze 1,080? Kwa sababu kuuza nako ni kazi. Kuna kujibu ujumbe usiku, kusimama kwenye maonyesho na kupeleka mizigo. Na siku duka likitaka vipande hamsini, utakuwa huna nafasi ya kushusha, wakati wateja wako wamekwisha kuzoea bei ya jumla.

Soko likikataa 2,100, usikimbilie kufuta mshahara wako. Punguza muda. Kata nyaya za hereni kumi kwa mkupuo, kunja vitanzi vyote, ndipo uunganishe. Mkono ukishika mwendo mmoja unakwenda haraka kuliko ukibadilisha koleo kila dakika. Au rahisisha umbo: punguza mistari ya shanga, tafuta kifungio cha bei nafuu chenye nguvu ile ile. Ikishindikana kabisa, kiondoe kwenye orodha ubaki unajitengenezea mwenyewe. Si kila kizuri ni cha kuuza.

Hatua ya 5: Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tenga pesa za biashara na za nyumbani tangu siku ya kwanza, hata kama ni kidogo. Andika ulichonunua, ulichouza, kwa nani, na kilichobaki. Mambo ya leseni na kodi yaulizie mapema kwenye ofisi husika ya mahali ulipo, maana kila nchi ina utaratibu wake.

Hatua ya 6: Picha na maelezo

Wanasema kizuri chajiuza. Dukani, labda. Mtandaoni mteja hashiki, hapimi uzito wala haoni mng'aro, hivyo picha inabeba kazi yote hiyo. Piga mchana karibu na dirisha, mahali jua lisipopiga moja kwa moja, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Mimi hupendelea picha tatu: moja kwenye mandhari tupu, moja kitu kikiwa kimevaliwa ili ukubwa uonekane, na moja ya karibu ikionyesha kifungio. Ya tatu wengi huiacha, nayo ndiyo inayomtuliza mnunuzi makini. Usiongeze rangi kwenye programu ya picha. Ushanga wa samawati ukifika ukiwa wa kijani, umempoteza mtu.

Kwenye maelezo weka urefu, uzito, metali na aina ya shanga. Ndani ya kifurushi tia kijikaratasi cha matunzo. Lulu, kwa mfano, ni laini na huharibiwa na manukato, kwa hiyo zivaliwe baada ya kujipulizia na zifutwe kwa kitambaa laini zikivuliwa.

Hatua ya 7: Kuuza, oda na mali kauli

Anza na wale ambao tayari wanakuuliza umenunua wapi. Wauzie kwa bei kamili uliyoipigia hesabu, wakiwemo marafiki. Ukitaka kumpa rafiki zawadi, mpe zawadi. Usimpe bei ya nusu ambayo itasambaa.

Oda ya kitu maalumu ianze na malipo ya awali, angalau yanayofunika malighafi, na makubaliano ya maandishi kuhusu rangi, kipimo na siku ya kukabidhi. Hereni za masikio yaliyotobolewa zisirudishwe zikishavaliwa, kwa sababu za usafi. Litangaze hilo kabla ya kuuza. Kiungo kikiachia ndani ya miezi michache, kitengeneze bure. Gharama yake ni kipete kimoja na dakika chache.

Ukiweka bidhaa dukani kwa mali kauli, yaani mwenye duka akulipe baada ya kuziuza, andikeni karatasi ya pande mbili: idadi ya kila aina, bei ya kuuzia, mgawo wa kila mmoja, tarehe ya kulipana, na nani anabeba hasara kitu kikiibiwa au kikivunjika. Peleka kidogo kwanza. Pita kila mwezi uhesabu mwenyewe, usugue fedha iliyofifia, upange upya. Aina ambayo haijatoka kwa miezi miwili iondoe uipeleke kwingine, na mahali pake weka zaidi ya ile inayokwisha.